Jiwe jeusi lina majibu: namna metali zinavyopeana elektroni, na faida yake kwa mchimbaji

Kwenye kilima, mawe meusi yote yanafanana. Koltani ni nyeusi. Wolframite ni nyeusi. Kasiterite mara ni nyeusi, mara ni ya kahawia. Na kile chuma cha bure ambacho hakuna mtu atakilipa, nacho ni cheusi. Mchimbaji anatoka shimoni na kilo zake, anaosha mchanga, anaukausha, anaupeleka kwenye mizani. Mnunuzi anamwaga kidogo kwenye kiganja, anautikisa, anasema: "Papa, hii yako iko chuma tu. Nakusaidia basi." Bei inashuka fasi ile ile, na mwenye mali hana neno la kujibu.

Sisi tunaofanya kazi ya kutetea wachimbaji, kati ya vilima vya Masisi na Walikale na hapa Shasha kwenye barabara ya Sake kwenda Minova, hadithi hiyo tunaisikia kila juma. Mara nyingine mnunuzi anasema kweli. Mara nyingine anadanganya. Ubaya ni kwamba mchimbaji hana njia ya kujua ni mara gani. Leo tunaandika juu ya njia moja. Si uchawi, wala si siri ya Wazungu. Ni jambo ambalo walimu wa kemia wanalifundisha kila mwaka kwenye sekondari, na wanafunzi wanalisahau mtihani wa serikali ukiisha: metali zinapeana elektroni, na zikipeana, rangi inabadilika. Ukijua kusoma rangi ile, jiwe linakuambia jina lake.

Tutakwenda polepole. Mtu ambaye hakusoma kemia asiogope. Wapapa na wamama wanaojua kutofautisha unga mzuri na unga mbovu kwa kuugusa, hawatashindwa na hili.

Manjanja, tochi na elektroni

Kila kitu tunachoshika kimejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na nje yake kuna elektroni, ndogo kuliko vyote. Metali zina tabia moja: hazishiki elektroni zao za nje kwa nguvu nyingi. Lakini hazilingani. Kuna metali mkarimu, inatoa upesi, na kuna metali mchoyo. Zikikutana ndani ya maji ao ndani ya asidi, mkarimu anatoa na mwenye uhitaji anapokea. Hiyo njo sheria yote. Mengine yote ni mifano.

Mfano wa kwanza uko juu ya kichwa chako. Manjanja ya nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Kwa nini zinki? Kwa sababu zinki ni mkarimu kuliko chuma. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa. Gesi hiyo ikichanganyika na mvua, mvua inakuwa asidi, na asidi inatafuta elektroni. Zinki inajitoa kwanza: kila atomu ya zinki inatoa elektroni 2, kiisha inakwenda na maji. Chuma kinabaki salama wakati zinki ingali inalipa. Siku zinki inaisha, zamu ya chuma inafika, na kutu inaanza. Juu ya hiyo, kule magharibi mwa volkano ambako upepo unapeleka moshi, manjanja yanazeeka mbele ya wakati wake.

Mfano wa pili uko mkononi mwako shimoni. Ile betri ya tochi ya bei ndogo, gamba lake ni zinki, na ndani kuna unga mweusi wa manganizi. Zinki inataka kutoa, manganizi inataka kupokea, lakini fundi amezitenganisha ili elektroni zisipite moja kwa moja. Zinalazimishwa kuzunguka kupitia waya na taa. Mwangaza unaokuonyesha mwamba ni elektroni zikiwa safarini kutoka kwa zinki kwenda kwa manganizi. Betri ikifa, maana yake ni kwamba kutoa na kupokea kumefika mwisho.

Sasa shika neno hili, kwa sababu njo ufunguo wa mengine: metali iliyo ndani ya jiwe la madini imekwisha kunyang'anywa elektroni, mara nyingi na oksijeni. Kasiterite ni bati lililonyang'anywa elektroni 4. Koltani ni niobi na tantali zilizonyang'anywa 5. Kutoa metali ndani ya jiwe ni kuirudishia elektroni zake. Wafua chuma wa zamani walifanya hivyo kwa makaa: makaa yalitoa, jiwe likapokea, jembe likapatikana. Hawakuwa na neno elektroni, lakini kazi walikuwa nayo.

Metali haiingii majini uchi

Metali ikiingia ndani ya maji, haiendi peke yake. Inavaa nguo. Chembe za maji zinaizunguka, ao za amonia, ao za klorini, ao za floridi, kufuatana na kile kilicho ndani ya chombo. Metali pamoja na nguo zake, wenye kemia wanaiita kompleksi. Mtu aliyefungua mlango wa elimu hiyo ni Alfred Werner, aliyefundisha Zürich kule Uswisi, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913.

Kuna kundi la metali zinazoitwa metali za mpito. Chuma iko humo, na manganizi, kobalti, kromi, shaba, wolframi, niobi na tantali. Sifa yao kubwa ni kwamba zinaweza kukosa elektroni 2, ao 3, ao zaidi, na kila hesabu ina rangi yake. Chuma kilichokosa elektroni 2 kina rangi ya kijani hafifu sana, karibu haionekani. Kikikosa 3, kinaleta manjano na wekundu. Hilo mmeliona. Kuna mashimo ambayo maji yake yanatoka meupe, mnachota kwenye bidoni, kesho yake yamekuwa mekundu na chini kuna matope ya rangi ya kutu. Hakuna mtu aliyeyaroga. Chuma kilichokuwa ndani ya maji kimeitoa elektroni yake ya tatu kwa oksijeni ya hewa.

Kwa hiyo rangi ya maji si pambo. Ni hesabu iliyo wazi: inakuambia ni metali gani, imevaa nini, na imebaki na elektroni ngapi.

Ukitaka kujua jina kamili la koltani, liko hapa pia. Neno lenyewe limeunganishwa: kolumbite na tantalite. Ndani ya jiwe moja kuna metali nne: chuma na manganizi upande mmoja, niobi na tantali upande mwingine. Zote nne ni metali za mpito. Lakini mnunuzi halipi nne. Analipa tantali kwanza.

Elektroni inapita namna gani?

Kwa muda mrefu watu walijua kwamba metali mbili ndani ya maji zinapeana elektroni, lakini hawakujua inapita njia gani. Henry Taube, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha Chicago, ndiye alionyesha njia moja kwa uwazi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alichukua kobalti iliyokosa elektroni 3, iliyovaa amonia tano na klorini moja. Maji yake ni ya zambarau. Akachukua kromi iliyokosa 2, iliyovaa maji tu. Rangi yake ni ya buluu kama anga. Akazichanganya. Upesi sana zambarau ikaondoka. Kromi ilikuwa imetoa elektroni moja, kobalti imeipokea. Na ile klorini iliyokuwa kwenye kobalti, sasa ilikuwa imevaliwa na kromi, yenye rangi ya kijani.

Juu ya nini hilo lilikuwa jambo kubwa? Kwa sababu kobalti ya namna ile haiachii nguo zake ovyo, na kromi ikiisha kutoa elektroni haivai nguo mpya upesi. Kama klorini imehama, basi kuna wakati ilishikwa na zote mbili kwa pamoja. Ilikuwa daraja, na elektroni ilivuka juu yake. Taube alipewa Nobel mwaka wa 1983.

Mwenzake Rudolph Marcus, mzaliwa wa Montréal, alieleza upande mwingine: metali zinazopeana bila daraja. Alianza kuandika juu ya hilo mwaka wa 1956, akapewa Nobel mwaka wa 1992. Wazo lake sisi tunalielewa kwa chukudu. Watu wawili wamesimama kwenye mteremko wa Sake, mmoja juu, mmoja chini, wanataka kuhamisha mfuko wa makaa kutoka chukudu moja kwenda nyingine. Chukudu moja ikiwa juu na nyingine chini, mfuko utaanguka. Lazima kwanza wazisogeze mpaka zilingane. Zikilingana, mfuko unahama kwa mara moja. Elektroni ni hivyo hivyo. Ni nyepesi sana, inaruka upesi kuliko kitu chochote. Lakini kabla ya kuruka, zile nguo na maji yaliyozunguka, ambavyo ni vizito, lazima vijipange mpaka pande zote mbili zilingane. Kama kujipanga ni kazi kubwa, kupeana kunakawia. Kama ni kazi ndogo, kunakwenda mbio. Na ile ya Taube ni kama watu wawili walioweka ubao kati ya chukudu zao.

Hayo si mambo ya maabara ya Wazungu peke yake. Ndugu zetu wa Kolwezi wanachimba jiwe jeusi la kobalti linaloitwa heterojenite. Kobalti iliyomo imekosa elektroni 3, na ikiwa hivyo haitaki kuyeyuka vizuri ndani ya asidi ya salfa peke yake. Viwanda vinaongeza gesi ya salfa ao chumvi yake, inayotoa elektroni. Na chuma kilicho ndani ya maji kinakuwa mpelekaji: kinaipa kobalti elektroni, kinarudi kwa gesi kuchukua nyingine, kinapeleka tena. Kobalti ikipokea moja, ikibaki imekosa 2, inayeyuka na maji yanapata rangi ya waridi. Elektroni moja njo inatenga kobalti inayobaki jiweni na kobalti inayokwenda kuuzwa.

Jaribio la zinki: kasiterite inajitaja

Sasa turudi kwenye vilima vyetu. Kuna jaribio la zamani, linajulikana na wajiolojia wa dunia nzima, la kutambua kasiterite. Unaweka punje za jiwe juu ya kipande cha zinki. Unatonesha asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa kwa maji. Mapovu yanatoka. Unangoja dakika chache. Kiisha unaosha punje kwa maji na kuzitazama.

Kama ni kasiterite, punje imevaa ngozi ya kijivu. Ukiisugua kwa kitambaa, inang'aa kama kijiko kipya. Hilo ni bati lenyewe. Zinki imetoa elektroni, jiwe limezipokea, na juu ya jiwe metali imezaliwa. Hesabu yake ni rahisi: bati linadai elektroni 4, kila atomu ya zinki inatoa 2, basi atomu mbili za zinki zinalipa deni la atomu moja ya bati. Koltani, wolframite na mawe ya chuma hayavai ngozi ile. Yanabaki vile yalivyokuwa.

Jaribio hilo ni la maana kwetu kwa sababu kwenye vilima vya Masisi kasiterite na koltani zinatoka kwenye mwamba wa aina moja, mara nyingi zikiwa pamoja kwenye beseni moja. Uzito wa mkono hautoshi kuzitenga. Kasiterite ni nzito karibu mara 7 kuliko maji. Wolframite inapita 7 kidogo. Koltani inaanzia 5 na kidogo ikiwa na niobi nyingi, mpaka karibu 8 ikiwa na tantali nyingi. Yaani koltani inaweza kuwa nyepesi kuliko kasiterite, ao nzito kuliko kasiterite. Mtu anayesema anajua kwa kiganja tu, anajua nusu.

Buluu ya wolframi, buluu ya niobi, na kimya cha tantali

Mawe mengine yanajibu kwa rangi ya maji. Wolframite ikisagwa na kuchemshwa ndani ya asidi kali ya hidrokloriki, inaacha unga wa manjano. Ukitia hapo kipande cha bati ao zinki na kuchemsha tena, maji yanageuka buluu nzito. Metali imetoa elektroni, wolframi imepokea, na wolframi iliyopokea elektroni moja inaleta rangi hiyo.

Koltani ni ngumu zaidi. Lazima kwanza iyeyushwe kwa moto pamoja na boraksi, ndipo iingie kwenye asidi na kuchemshwa na bati. Ikiwa na niobi, buluu inatokea. Lakini tantali inanyamaza. Hata ukiipa zinki, hata ukiipa bati, ndani ya maji haipokei. Inataka mtoaji mwenye nguvu kuliko hao.

Watu walioigundua waliona tabia hiyo mapema. Charles Hatchett wa Uingereza aligundua niobi mwaka wa 1801, akaiita kolumbiamu. Mwaka uliofuata, 1802, Anders Ekeberg wa Uswidi aligundua tantali. Alipoona oksidi yake imekaa ndani ya asidi bila kunywa kitu, alikumbuka hadithi ya Wagiriki ya Tantalus, mtu aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji mpaka kidevuni bila kuweza kuyanywa. Ndiyo sababu ya jina. Miaka mingi watu walibishana kama hizo ni metali mbili ao moja. Mwaka wa 1844 Heinrich Rose wa Ujerumani akaonyesha kwamba ni mbili, na ile nyingine akaiita niobi, kwa jina la Niobe, binti ya Tantalus. Baba na binti, ndani ya jiwe moja. Sisi wachimbaji tunawabeba wote wawili mgongoni, na tunalipwa baba.

Na baba yule anapata elektroni zake wapi? Mbali na hapa. Koltani ikitoka kwenye vilima vyetu inavuka mipaka mpaka kwenye viwanda vya ng'ambo. Kule inayeyushwa kwa asidi ya floridi, tantali inavaa floridi saba, inakuwa chumvi nyeupe. Chumvi hiyo inatiwa kwenye moto pamoja na sodiamu, metali mkarimu kuliko zinki kwa mbali. Atomu tano za sodiamu, kila moja inatoa elektroni moja, na tantali inalipwa deni lake la 5. Unga unaopatikana njo unatengenezewa vile vidude vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta.

Jaribio linasema jina, halisemi asilimia

Hapa lazima tuseme wazi, ili mtu asituelewe vibaya. Ngozi ya kijivu inakuambia: hii ni kasiterite. Haikuambii ni ngapi kwa mia. Buluu inakuambia: humu mna niobi. Haikuambii tantali ni kiasi gani. Na bei yote iko kwenye kiasi.

Tupige hesabu. Kasiterite safi kabisa ina bati karibu 78.8 kwa mia. Iliyooshwa kwa beseni inakuwa chini ya hapo kwa sababu ya mchanga na chuma. Sema una kilo 50. Ikiwa asilimia ni 65, una kilo 32 na nusu za bati. Mtu akikuambia ni 55, amekuhesabia kilo 27 na nusu. Kilo 5 za bati zimepotea mezani, na hakuna aliyegusa mfuko wako. Kwa koltani ni vile vile: kilo 10 zenye asilimia 30 ya oksidi ya tantali zina kilo 3. Ukiambiwa 25, umebaki na kilo 2 na nusu.

Nyumba kubwa za ununuzi zina mashine ya spektrometa, inapima kwa miale kwa muda mfupi. Mashine inaona metali zote kwa pamoja na kuandika kila moja na asilimia yake. Basi haki ya mchimbaji inaanza na swali moja: karatasi ya mashine iko wapi? Kilimani mashine hakuna, mnunuzi mdogo anakadiria, na anakadiria akijilinda mwenyewe, kwa sababu naye ataenda kupimwa mbele. Hatumhukumu. Lakini hasara yote ikimwangukia anayechimba, hiyo si biashara.

Serikali yenyewe inajua thamani ya jiwe hili. Mwezi wa Novemba 2018 iliweka koltani kwenye orodha ya madini ya kimkakati, pamoja na kobalti na jermani. Kama ni ya kimkakati kwa taifa, basi mwenye kulitoa ardhini asiwe mtu wa mwisho kujua lina nini ndani.

Asidi haichezewi

Tunajua vijana wetu. Wakisoma hivi, kesho watatafuta asidi. Tunasema kabla: hapana.

Asidi ya hidrokloriki inaunguza ngozi na macho, na mvuke wake unaunguza mapafu. Yale mapovu yanayotoka kwenye zinki ni gesi ya hidrojeni, inashika moto. Kamwe usifanye jaribio lile ndani ya shimo, karibu na moto, ao ndani ya nyumba wanakolala watoto. Kupunguza asidi, unamwaga asidi ndani ya maji polepole. Usimwage maji ndani ya asidi. Miwani, glavu, fasi yenye hewa, na maji mengi karibu ya kuoshea. Watoto wasipewe betri za zamani kuzivunja ili kutafuta zinki. Ule unga mweusi na maji yake si mchezo.

Kuhusu asidi ya floridi, ile ya kuyeyusha koltani, tunasema neno moja tu: isiguswe kijijini. Inapenya ngozi bila kelele na kufika mpaka mfupa. Mtu akikuambia anaweza kukusafishia koltani yako nyuma ya nyumba, kimbia na umwite mwenzako akimbie.

Na maji ya jaribio yasimwagwe mtoni wala ziwani. Wamama wa Shasha wanachota maji ya Ziwa Kivu na wanakula samaki wake.

Tunachoomba

Hatuombi kila mchimbaji awe mkemia. Tunaomba mambo matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza, kila koperative iwe na watu wawili ao watatu waliofundishwa jaribio la zinki na mwalimu wa kemia, na lifanyike fasi moja iliyo salama, si kila mtu kwake. Walimu tunao, kwenye shule zetu za sekondari. Wanafundisha elektroni kwa chaki wakati mawe yenyewe yanapita mbele ya mlango wa shule kwenye chukudu na pikipiki. Wapewe punje kumi za kasiterite na kipande cha zinki. Somo lile mwanafunzi hatalisahau.

La pili, sampuli iwe mbili. Kabla ya mali kuondoka kilimani, kijiko kimoja kifungwe kwenye mfuko mdogo, kiandikwe tarehe na uzito, kibaki kwa koperative. Mabishano yakitokea juu ya asilimia, kuna kitu cha kupimwa tena. Sampuli haina chama wala kabila.

La tatu, karatasi ya mashine isomwe mbele ya mwenye mali, namba kwa namba: tantali ngapi, niobi ngapi, bati ngapi, chuma ngapi. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Ndiyo sababu tunalipa franga za shule.

Vita imebadilisha mara nyingi nani anashika barabara, nani anasimamisha watu kwenye kizuizi, nani anakusanya kodi. Haijabadilisha jinsi zinki inavyotoa elektroni. Inatoa vile vile kwa mchimbaji na kwa mnunuzi, kwa anayevaa buti na kwa anayevaa kandambili, Walikale na Chicago. Kwenye maisha yetu mambo ya namna hiyo ni machache, yasiyouliza wewe ni nani kabla ya kukujibu. Tuyashike, tuyafundishe watoto, na tukifika kwenye mizani tuwe na swali la kuuliza.